Wanamnyima Bisimwa Sindano

Shemasi Tuyisenge alikuwa mkalimani, na ukalimani aliupenda kuliko ushemasi wenyewe, ingawa hilo hakuwahi kumwambia mtu. Kila Jumapili pale kanisani, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini Malawi, alisimama kando ya mchungaji. Mchungaji alihubiri kwa Kinyarwanda, Tuyisenge akayatoa kwa Kiswahili. Mchungaji akinyanyua mkono, naye ananyanyua. Mchungaji akishusha sauti, naye anashusha. Wapo waliosema mahubiri ya Kiswahili yalikuwa matamu kuliko ya Kinyarwanda. Siku moja mchungaji alipaliwa akakohoa, na Tuyisenge, kwa jinsi alivyozama kazini, akakohoa pia.

Kwa hiyo Bisimwa na mkewe Cécile walipotaka mtu wa kuwasindikiza kwa daktari Lilongwe, hawakuhangaika kutafuta. Wawili hao walikuwa watu wa Bukavu. Huko Bisimwa alifundisha jiografia sekondari; hapa kambini aliuza kaunjika sokoni, mashati na makoti ya mitumba, na hakuna aliyewahi kumwona bila tai hata jua likiwa la kuchoma mabati. Cécile alikuwa fundi wa nguo. Walikuwa wameoana miaka mingi na mtoto hawakujaliwa. Sasa Cécile alikuwa ametimiza arobaini na mitatu, na mdogo wake aliyehamia Kanada alimpigia simu akamwambia, dada, jaribu kabla mlango haujafungwa, gharama niachie mimi. Kliniki moja ya binafsi kule Area 10 ilikuwa na daktari wa kutungisha mimba nje ya tumbo. Shida ilikuwa lugha. Kifaransa walikuwa nacho, Kichewa cha sokoni walikuwa nacho, lakini Kiingereza cha daktari hapana.

"Shemasi, ni mambo ya ndani," Bisimwa alimwambia, akikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuposa. "Tunataka muntu mwenye anajua kufunga kinywa."

"Mi sijatoa neno ya muntu inje hata siku moja," Tuyisenge alijibu.

Mkewe, Mukandutiye, alikuwa pembeni akichambua maharagwe. Wageni walipoondoka aliinua uso.

"Papa Ngabo, unajua maneno yenye utaenda kutafsiri kule?"

"Nimetafsiri kesi za korti Dowa. Nimetafsiri mazishi. Nimetafsiri bantu bakipigana. Ni maneno gani yenye itanishinda?"

Mukandutiye alirudi kwenye maharagwe yake huku mabega yakimtikisika, na Tuyisenge hakuelewa anacheka nini.

Alielewa walipofika kliniki. Kwanza, daktari mwenyewe alikuwa mwanamke, tena kijana, Daktari Kumwenda, ambaye angeweza kuwa binti yake wa tatu. Aliwakaribisha vizuri, akawaketisha, akafungua faili lenye majibu ya vipimo walivyochukuliwa wiki iliyotangulia, kisha akamgeukia Tuyisenge na kusema kwa Kiingereza, bila kupepesa macho, kwamba angependa kuanza na shahawa za mume.

Neno hilo Tuyisenge alilijua kwa lugha tano, na katika zote tano lilikuwa halina nguo. Alimtazama Bisimwa, akaitazama tai ya Bisimwa, akamtazama Cécile.

"Dokta anasema," alianza, "bamepima ile... michango ya baba."

"Michango?" Bisimwa alishangaa. "Michango gani tena? Si shemeji njo analipa?"

"Anasema mbegu, Bisimwa," Cécile alisema taratibu. "Endelea, Papa Shemasi."

Daktari Kumwenda aliendelea. Alitoa kisahani cha kioo chenye kifuniko, kidogo kama mfuniko wa chupa ya maziwa, akakiweka mezani. Alieleza kwamba kuna njia mbili. Katika ya kwanza, mayai ya mama yakishatolewa, yanawekwa kwenye kisahani kama hicho, kisha mbegu za baba zinamwagwa humo kwa maelfu na kuachwa mpaka kesho yake, zijitafutie njia zenyewe. Itakayoweza kupenya itapenya. Katika ya pili, mtaalamu wa maabara anachagua mbegu moja tu, anainyonya kwa sindano nyembamba kuliko unywele, anaiingiza ndani ya yai kwa mkono wake. Alieleza kwa utulivu, akichora duara na mikia midogo kwenye karatasi, mikia mingi, mingine imepinda. Tuyisenge aliitazama ile mikia, kisha akahamishia macho dirishani.

"Kuna sahani," alisema, "na kuna sindano."

Bisimwa alingoja. "Yeye ameongea kama redio, na kwa wewe imekuwa sahani na sindano?"

"Kwa sahani, banaweka pamoja vitu ya mama na ya baba, halafu banaachia. Kwa sindano, banasaidia."

Cécile alisogeza kiti. "Muulize hivi: kwa mwanamuke wa miaka yangu, ni njia gani iko muzuri zaidi?"

Hilo Tuyisenge aliliuliza vizuri kabisa, kwa sababu halikuwa na aibu ndani yake. Na daktari alifurahi kuulizwa. Alisema watu wengi wanadhani sindano ni dawa ya umri, na sivyo. Sindano ilibuniwa kwa ajili ya wanaume ambao mbegu zao ni chache au dhaifu, zisizoweza kupenya zenyewe. Haimrudishii mwanamke ujana. Yai la miaka arobaini na mitatu, ukilichoma sindano, linabaki la miaka arobaini na mitatu. Wataalamu wamezilinganisha njia hizo kwa wanawake wa umri mkubwa, na pale mume alipo sawa, sindano haijaleta watoto zaidi ya sahani. Na mume huyu, alisema akimgeukia Bisimwa kwa tabasamu, yuko sawa kupita kiasi. Mbegu zake ni nyingi, zina umbo zuri, zinaogelea kwa kasi. Kwa mwanaume wa hamsini na kitu ni za kupigiwa mfano. Kwa hiyo kwao wao, sahani inatosha.

Bisimwa, bila kujua anaambiwa nini, alitabasamu pia akarekebisha tai.

Wote watatu walimgeukia Tuyisenge. Alifungua kinywa. Zinaogelea, alijiambia moyoni. Mimi shemasi, nimwambie mwanaume mwenzangu mbele ya mkewe na mbele ya msichana huyu kwamba zinaogelea. Alifunga kinywa, akakifungua tena.

"Anasema kwa ninyi, sahani inatosha."

Kisha daktari alisema habari ya mwisho, kwamba njia iwe yoyote, katika umri huu wanaopata mtoto ni wachache kuliko wanaokosa, na wajiandae kwa hilo. Hilo Tuyisenge alilitafsiri neno kwa neno, kwa sauti yake nzuri ya kanisani. Habari mbaya hazikuwahi kumtia haya.

Walisimama kula chipsi za kando ya barabara kabla ya kupanda gari la kurudi. Bisimwa hakugusa zake.

"'Kwa ninyi,'" alisema. "Umesikia, Cécile? 'Kwa ninyi, sahani inatosha.' Ninyi bakina nani? Bakimbizi! Bale ba majumba ya geti, bao banapewa sindano. Sisi, sahani."

"Na sindano siku zote njo dawa ya nguvu," Cécile alisema, macho yakiwa mbali. "Mutoto akiwa na malaria ya kawaida banamupa kidonge. Ikipanda njo banamuchoma. Mi niko na miaka arobaini na tatu. Yangu si imepanda?"

Hapo ndipo Tuyisenge alipopaswa kusema. Lakini karibu yao walikaa wanawake wawili wanaouza maandazi, na mmoja alionekana kama anaelewa Kiswahili. Basi alijijaza chipsi mdomoni, na wakati ukapita.

Bisimwa hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliyekuja kujaribu koti sokoni aliondoka na koti pamoja na malalamiko. Kwa heshima ya mkewe hakutaja ugonjwa wala kliniki. Alisema tu kwamba Lilongwe kuna daktari anamnyima sindano kwa sababu ni mkimbizi. Habari ilienda na watu. Kufikia Jumapili nusu ya kambi ilijua kwamba wanamnyima Bisimwa sindano, na hakuna hata mmoja aliyejua ni sindano ya nini. Wengine walidhani ameumwa na mbwa. Mama mmoja wa jirani alianza kuwaita watoto wake ndani kila Bisimwa alipopita, na mwanaume mmoja aliyenunua kwake shati alilirudisha.

Aliyelichukua jambo kwa uzito kuliko wote alikuwa Ndayiragije, kiongozi wa bloku yao, Mrundi mrefu aliyependa neno "haki" kama wengine wanavyopenda sukari.

"Sindano ni haki," alimwambia Bisimwa. "Wiki ijayo bageni ba ofisi ya bakimbizi banakuja kwa mukutano. Utasimama, utasema. Shemasi njo atatafsiri."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wageni walikaa mbele na chupa zao za maji. Tuyisenge alishika kipaza sauti, ametafsiri habari za visima, ametafsiri habari za mgao wa chakula, mambo yanakwenda, mpaka Ndayiragije aliposimama na kutangaza kwamba sasa atasikilizwa ndugu aliyenyimwa haki yake ya matibabu. Watu walipiga makofi. Bisimwa alitembea mbele, tai nyekundu, shati jeupe.

"Mi ni mwalimu," alisema. "Mi na bibi yangu tulienda kwa dokta. Dokta iko na sindano, bengine anabapa. Sisi ametupa sahani!"

Ukumbi ulinguruma. Nyuma kabisa mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti ni wapi zinagawiwa sahani, na je, ni za bati au za plastiki, na wenzake wakaanza kusimama wapate nafasi ya mbele. Mmoja wa wageni alimwinamia Tuyisenge, kalamu mkononi, akamuuliza kwa Kiingereza mzee huyu ananyimwa sindano ipi hasa.

Tuyisenge alimpa Ndayiragije kipaza sauti, akamshika Bisimwa mkono, akamvuta hadi nyuma ya ubao.

"Ndugu, usiendelee. Ile sindano ni ya banaume benye mbegu yabo ni mugonjwa."

Bisimwa alimkodolea macho.

"Dokta alisema yako ni mingi," Tuyisenge aliendelea, akiangalia viatu vyake. "Alisema iko na umbo muzuri. Alisema... inaogelea."

"Inaogelea?"

"Na mbio. Alisema kwa muntu wa miaka yako ni ya mufano. Njo maana alisema sahani inatosha. Si juu ya bukimbizi."

Ukumbini walikuwa wakigombania mstari.

"Alisema vile mbele ya Cécile?"

"Mbele ya Cécile."

"Na we ukanyamaza."

"Niliona haya."

"Shemasi! Tangu nizaliwe muntu hajanisifu namna ile, na we ukaikula ile sifa peke yako!"

Alijinyoosha, akakaza tai, akarudi mbele na kumpokonya Ndayiragije kipaza sauti.

"Bandugu!" alisema. "Nilikosea! Sahani inanitosha! Ijulikane kwa bote: mi Bisimwa, sahani inanitosha kabisa, na sindano bapewe benye banaihitaji! Nabahurumia!"

Watu walipiga makofi tena, kwa sababu alisema kwa nguvu. Mgeni mwenye kalamu aliuliza amesema nini. Tuyisenge alifuta uso akasema kwa Kiingereza kwamba mzee anashukuru kwa yote. Mgeni naye aliitikia kwa kichwa kwa upole, akaandika kwamba katika bloku hiyo kuna uhitaji mkubwa wa vyombo vya jikoni.

Lakini jioni ile ile, kabla jua halijazama, Cécile alikuja kwa Tuyisenge akiwa bado na futi ya kupimia nguo shingoni. Bisimwa alikuwa amemsimulia kila kitu, tena sehemu ya kuogelea alikuwa ameisimulia zaidi ya mara moja. Yeye hakuwa na kicheko.

"Papa Shemasi, nilikuwa nalala nikiwaza bananizarau. Nilikuwa nalia juu ya cherehani, machozi inaanguka kwa nguo ya bantu. Nikasema, hata kuzaa, na kuzaa nayo bananipangia juu ya kikaratasi cha ukimbizi. Kumbe dokta alinijibu vizuri, na jibu ikabakia kwa kinywa yako."

"Mama Cécile, ile maneno ni ya haya..."

"Ni tumbo yangu. Haya ni yako, tumbo ni yangu." Alivua ile futi shingoni, akaizungushia mkononi. "Kuanzia sasa, vile dokta anasema njo utasema. Ikiwa nzuri, ikiwa mubaya, ikiwa ya aibu. Ama nitafute muntu mwingine."

Mukandutiye, mlangoni, hakumtetea mumewe hata kwa neno moja. Tuyisenge aliahidi, na usiku huo hakula vizuri.

Mvua zilianza, na mbu nazo. Bisimwa alishikwa na malaria kali, homa ya kuweweseka, akabebwa kwa kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka zahanati ya kambi, na kwa vile hakuweza kumeza chochote, alichomwa sindano. Aliporudi nyumbani, amekonda, shati limelegea, alikuta watu wamejaa kumpongeza. Ndayiragije alikuwepo, amekaa kiti cha mbele.

"Unaona?" alimwambia. "Tulisimama pamoja, bakakupa."

Bisimwa hakuwa na nguvu za kueleza. Alisema zikomo, asante ya Kichewa, akalala.

Wiki zilipita, homa ikasahaulika, na zamu ya Cécile ikafika. Alihamia kwa muda upande wa Kanengo, kwa mwanamke wa Bukavu ambaye mumewe alikuwa mlinzi wa ghala, ili awe karibu na kliniki, kwa maana sasa ilibidi achomwe tumboni kila siku dawa za kukuza mayai. Kila Tuyisenge alipoenda kutafsiri alimkuta anatembea taratibu, amejaa kama amekula nsima ya watu watatu. Cécile alimuuliza daktari maswali mengi, na Tuyisenge aliyatafsiri yote, akifumba macho kidogo yalipofika sehemu mbaya.

Siku ya kutoa mayai walikuwepo wote. Cécile aliingizwa chumba cha ndani. Bisimwa alipewa kikombe chenye kifuniko na kuonyeshwa mlango mwingine. Alimtazama Tuyisenge.

"Huko unaenda peke yako, ndugu," Tuyisenge alimwambia.

Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka tai yake ilikuwa imenyooka vilevile, na kikombe alikibeba kwa mikono miwili kama sadaka.

Cécile alikuwa ameshaamka, kichwa bado kizito, Bisimwa kando ya kitanda, Daktari Kumwenda alipoingia. Tuyisenge alijua kusoma nyuso za wasemaji kabla hawajasema, na uso huo haukumpendeza. Daktari alisema wamepata mayai manne, na kwa umri wake si haba. Kisha akasema habari ya mume. Akauliza kama aliugua homa hivi karibuni. Akaeleza. Akasema waamue sasa hivi, mayai hayangoji.

Muuguzi alikuwepo. Mlango ulikuwa wazi, na nje watu walikaa kwenye foleni. Tuyisenge alivuta pumzi, na kwa ile sauti yake ya Jumapili inayofika mpaka viti vya nyuma, alitafsiri.

"Dokta anasema: Papa Bisimwa, mbegu yako ya leo si kama ile ya kwanza. Ni kidogo, na mingi haisogei. Ile malaria njo iliharibu. Homa kali inaua mbegu, na inachukua miezi mpaka ingine itoke. Itarudi, anasema, usiogope. Lakini leo ukitegemea sahani, inawezekana hakuna yai hata moja itashika. Anashauri sindano."

Nje ya mlango foleni ilikuwa imenyamaza, ingawa huenda hakuna aliyeelewa.

"Tafsiri tena," Bisimwa alisema.

Alitafsiri tena.

"Haiogelei?"

"Haiogelei, ndugu. Imelala."

Bisimwa alikaa chini. "Nilisimama mbele ya bantu bote," alisema kwa sauti ndogo. "Nilisema nabahurumia."

Kutoka kitandani ilisikika sauti ya ajabu, na wote waligeuka wakidhani Cécile ameumia. Alikuwa anacheka. Alicheka huku ameshika tumbo, akisema aïe, aïe, kwa sababu kucheka kulimuuma, na hakuweza kuacha.

"Bisimwa," alisema alipopata pumzi. "Mi nimechomwa kila siku mpaka tumbo yangu imekuwa kama kichujio. We leo hauchomwi hata kidogo. Ni yai yangu njo itachomwa. Sasa we unakataa juu ya nini?"

"Sikatai."

"Basi?"

Bisimwa alishika mguu wa mkewe juu ya shuka. "Shemasi, muulize dokta. Ile moja yenye banachagua, banaichagua namna gani?"

Daktari alijibu kwamba wanatazama kwa darubini, wanatafuta iliyo na umbo zuri na inayotikisika.

"Banatafuta yenye iko hai kuliko zote," Tuyisenge alisema. "Hata kama zingine zimelala, iko zenye hazilale."

"Na ile yai, ikichomwa, itasikia maumivu?"

Tuyisenge aliuliza hata hilo. Daktari hakucheka. Alisema hapana, lakini kwamba mara chache yai huharibika kwa kuchomwa, na hilo wajue pia. Tuyisenge alilitafsiri pia.

Cécile na Bisimwa walitazamana, kama watu wanaotazamana kabla ya kuvuka barabara.

"Mwambie bachome," Cécile alisema.

Mayai manne, moja lilikuwa bado changa, likaachwa. Matatu yalichomwa. Mawili yalishika. Moja likasimama njiani, halikuendelea kukua, na moja likaendelea. Hilo moja lilirudishwa tumboni mwa Cécile asubuhi ya mawingu, kwa mrija mwembamba, kazi fupi kuliko kunyoa ndevu. Bisimwa aliuliza kama hakuna kingine cha kufanya. Hakukuwa na kingine. Walirudi Dzaleka kungoja, na Cécile akafungua cherehani yake siku ya pili, kwa sababu, alisema, kukaa bila kazi ndiko kungemuua.

Alienda Lilongwe kutoa damu ya kupima mimba, akarudi. Majibu yangekuja kwa simu, na namba ambayo kliniki iliandika ilikuwa ya mkalimani.

Ilimkuta Tuyisenge kwenye bustani yake ya mboga, mikono ina tope. Alisikiliza. Akauliza tena kuhakikisha. Kisha, shemasi mwenye miaka sitini, alisimamisha kabaza akakaa nyuma na tope lake, akimwambia kijana wa watu apige pedali kama nyumba inaungua. Alipofika, kibanda cha Cécile kilikuwa na wateja wanne, Bisimwa naye yupo, amesimama pasi na kitu cha kufanya. Cécile alimwona, akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Njoo tukaongee inje," Tuyisenge alisema.

"Ongea hapa," Cécile alisema. "Vile dokta amesema."

Aliwatazama wale wateja wanne, akakumbuka ahadi, akasema.

"Dokta anasema damu inaonyesha mimba. Iko. Lakini anasema ni changa sana, na kwa mwanamuke wa miaka yako mimba mingi inatoka mapema, kwa hiyo musifurahi sana bado. Anasema na yeye amefurahi lakini anajizuia. Njo vile amesema. Mwisho."

Mteja mmoja alipiga kigelegele, akazibwa mdomo na mwenzake. Bisimwa alitoka nje, akazunguka kibanda, akarudi upande wa pili, akatoka tena. Cécile alibaki amekaa, viganja viwili juu ya kitambaa cha mtu, cha rangi ya machungwa, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Kisha akakanyaga cherehani, akashona mstari mzima, na mstari ulipinda hata yeye akauona.

Walijizuia kufurahi miezi mitatu, miezi mitano, na mwezi wa saba Bisimwa alishindwa, akanunua viatu vidogo kwenye kaunjika za mwenzake. Mtoto alitolewa kwa upasuaji hospitali kubwa Lilongwe, msichana, mwenye sauti. Bisimwa alipewa ambebe akakataa mpaka alipopewa kiti.

Tuyisenge alidhani kazi yake imekwisha. Lakini wale wateja wanne walikuwa wamesikia, na walikuwa na dada, mashangazi na majirani. Mwezi haukuisha kabla mwanamke mmoja kutoka upande wa Madisi, umri kama wa Cécile, hajabisha hodi na mume wake nyuma yake, wakisema wamesikia kuna shemasi anayeeleza mambo bila kuficha. Walitaka kujua ipi bora, sahani au sindano.

Aliwaketisha, akavuta kiti karibu, akaweka mikono magotini.

"Kwanza," alimwambia yule mume, "mbegu zako zimeshapimwa? Zinaogelea ama zimelala?"

Mume aliinama chini. Nje kwenye baraza, ambako Mukandutiye alikuwa amekaribisha wanawake wa kwaya, mazungumzo yalikatika ghafla.

"Papa Ngabo," Mukandutiye aliita, "funga kidirisha."

"Hakuna haja," Tuyisenge alijibu, akaanza kuchora mikia.